Klabu Ilinisubiri Mpaka Ijumaa

Norsborg, Stockholm
Juni

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na goti limepoa. Sisi huku tunamshukuru Mungu. Mama bado anahudumia wazee kule Jakobsberg, na Belyse amemaliza mitihani. Ukimsemesha Kiswahili anajibu Kiswidi, lakini salamu zako amezipokea kwa furaha.

Nimeandika kwa sababu kwenye simu nisingeweza kumaliza.

Uliwahi kuniuliza, Baba, ni mchezaji gani huyo asiyegusa mpira. Katika futiboli ya Kimarekani kazi yangu ni kusimama mbele ya mrusha mpira na kuwazuia wanaume wanaokuja mbio kumwangusha. Kwa miaka minne chuoni Marekani niliifanya vizuri hadi nikachaguliwa mzuiaji bora wa ligi yetu. Wewe ulitangaza Bujumbura nzima, nasi huku kanisa zima lilijua. Kisha klabu kubwa ya kulipwa ikanihitaji.

Lakini katika mechi ya mwisho ya chuo niligongana kichwa kwa kichwa na mtu, nikaanguka. Nilikuwa naliona anga, nasikia watu wakiniita, ila mikono na miguu sikuihisi kabisa. Baadaye ilirudi, ikiwaka kama imemwagiwa pilipili. Daktari wa klabu alinipima, akasema naweza kucheza nikikubali hatari mwenyewe. Nilipokuja nyumbani kupumzika, daktari wa hapa alitazama picha za shingo, akamgeukia Mama kabla ya kunitazama mimi. Alisema njia ya uti wa mgongo ni nyembamba mno, na pigo jingine moja linaweza kunilaza maisha yangu yote.

Klabu ikanipa mpaka Ijumaa niamue.

Wiki ile nyumba haikukalika. Mzee Zachariah wa kanisani alikuja na mkewe, akasema Mungu hampi mtu mwili kama huu ili auweke kabatini. Damian, kocha aliyenifundisha mchezo huu nikiwa mtoto, alikaa kwenye kochi bila kunywa chai, mwishowe akasema hawezi kunishauri.  Mama alipika, akaenda kazini, akarudi, akapika tena.

Alhamisi nilimwambia nimeamua kwenda. Akaweka mwiko chini.

“Nilikubeba mgongoni kutoka Burundi mpaka kambini Kasulu,” akaniambia. “Mvua inanyesha, wewe umelala. Sasa una kilo mia na arobaini, Roméo. Siku wakikulaza, nani atakubeba?”

Nilikasirika, Baba. Nilimjibu kwamba huo ni mwili wangu, nikatoka nikibamiza mlango.

Ijumaa simu ililia Mama akiosha vyombo. Yule bwana wa klabu alinisalimu kwa uchangamfu, akaniuliza kama niko tayari. Jikoni bomba likafungwa. Nilijua Mama amesimama pale, mikono ikiwa na povu, anasikiliza. Nilifungua kinywa nikubali, Baba, nakuapia. Nikajisikia nasema hapana, siji, nimeacha kucheza. Yule bwana akaniuliza kama nina hakika. Nikasema ndiyo. Nilipokata simu, bomba lilifunguliwa tena kwa nguvu, nami nikaelewa kuwa Mama hataki nimsikie akilia.

Basi ndiyo habari yenyewe. Mwanao si mchezaji tena. Usidhani nina amani. Asubuhi naamka na hasira, sijui niipeleke wapi. Na najua umekwishawaalika wazee kusherehekea. Ukiona aibu kuwaambia, nipe namba zao, nitawaambia mwenyewe mmoja mmoja. Ukitaka kunigombeza, nisubiri Desemba. Nitakuja, nitashuka kwenye ndege kwa miguu yangu, nitakaa mbele yako unigombeze mpaka utosheke.

Mama anakusalimu, Belyse naye. Wasalimie majirani wote, na goti lako ulikande kwa maji ya moto.

Ni mimi mwanao,
Roméo