Mwisho wa Kitabu Niliotaka Kumficha Mama

Alhamisi, Busia. Mvua imeanza mchana na haina dalili ya kuacha. Dukani hakuna mteja, sare za shule zimening'inia tu zikinitazama. Nimerudi kutoka Lunyo kwa mama na moyo haujatulia, kwa hiyo naandika.

Ni kile kitabu. Riwaya ya Uganda ya zamani, niliyoazimwa na rafiki yangu wa upande wa Kenya anayeongoza kikundi chetu cha wanawake wasomaji. Wasichana wawili, Mhindi na Mwafrika, wanakua pamoja katika mji wa reli mpaka siku Wahindi wanapofukuzwa nchini. Jumamosi tunakijadili: urafiki, rangi, ustahimilivu. Nilidhani nitakisoma haraka haraka nikirudishe.

Halafu nikamsimulia mama.

Mama alikulia Tororo. Baba yake alikuwa fundi cherehani kwenye baraza la duka la Mhindi, na binti wa mwenye duka aliitwa Zarina. Nami naitwa Zarina. Msamia, Mkristo, ukoo mzima wa wakulima wa Lunyo, halafu Zarina! Shuleni kila mwalimu mgeni alipoita majina alimtafuta Mhindi darasani, na mimi pale nimenyoosha mkono.

Macho ya mama yana ukungu siku hizi, kwa hiyo nimekuwa nikienda kumsomea. Kitabu ni cha Kiingereza. Namgeuzia kwa Kiswahili, si kwa Kisamia, kwa sababu habari za Zarina mama huzisema kwa Kiswahili tu. Ndiyo lugha waliyochezea.

Wala si msikilizaji mpole. "Mbona huyu musichana mweusi nalia tu? Kazi yake ni kulia na kubeba masanduku ya wenzake?"

Kisha ananipa hadithi yake ya Tororo. Kwa kina Zarina kikombe cha mama kilikuwa cha bati, kilikaa dirishani peke yake, hakikuoshwa pamoja na vyombo vya nyumba. Hakuna aliyeeleza kwa nini, na hakuna aliyehitaji kuelezwa. Zarina alikuwa akivizia. Mama yake akigeuka tu, anakinyakua kile cha bati anywee yeye, na mama yangu anasukumiwa cha kauri chenye maua. Mama akifika hapo hucheka mpaka anakohoa. Mimi sijui kama ningecheka.

Lakini naipenda Tororo hiyo ambayo sikuiona. Mwamba juu ya mapaa, mlio wa cherehani barazani, wasichana wawili wakimshonea mwanasesere gauni kwa vipande alivyotupa babu. Naikumbuka kwa kumbukumbu za mtu mwingine, na bado inaniuma.

Wahindi walipofukuzwa, duka lilifungwa, babu akajitwika cherehani akarudi Lunyo. Kisha ikaja ile miaka ya kukosa kila kitu. Mama alivuka mpaka kwa njia za panya kutafuta chumvi na sabuni, na kila alipovuka aliwauliza Wahindi wa upande wa Kenya kama wanamjua Zarina, binti wa duka la Tororo. Hakuna aliyemjua.

Sasa sura ya mwisho. Yule Mhindi wa kitabuni anafia ugenini, kwenye baridi, na rafiki yake anapata habari miaka mingi baadaye. Niliisoma jana nikaogopa. Mama hajawahi kupata habari za Zarina wake, nzuri wala mbaya. Nikaamua kumdanganya.

Basi leo nimeketi karibu naye, nimefungua kitabu, nikawakutanisha wale wawili hapa hapa mpakani. Wakakumbatiana, wakalia, wakanywa chai. Nilisimulia vizuri, acha nijisifu.

Mama akapapasa kitabu mapajani mwangu. "Zarina, wewe nasoma karatasi gani? Sijasikia hata moja ikigeuka."

Niliona aibu mpaka masikioni.

"Soma ile iko ndani."

Nikasoma yote, kifo na baridi yake, sauti ikishindana na mvua kwenye mabati. Nilipomaliza hakulia. Alinisimulia jambo ambalo katika umri wangu wote sijawahi kulisikia.

Kwetu mtoto mchanga akilia asinyamaze, wazee humtajia majina ya waliokufa, moja baada ya jingine. Jina atakalonyamazia ndilo lake, maana marehemu mwenye jina ndiye aliyemchagua. Mimi nililia hivyo. Bibi alitaja ukoo mzima na sikumsikiliza. Mama, kwa uchovu tu, akamtaja Zarina. Nikanyamaza, nikashika ziwa.

Bibi akamwambia, basi rafiki yako amekufa, mlilie.

"Mimi nilikataa," mama akasema. "Nikasema huyu mutoto amechoka tu. Jina nikakupa. Machozi nikakataa."

Miaka yote nimedhani jina langu ni kumbukumbu tamu ya urafiki. Kumbe ni ubishi. Kila alipopaza sauti kuniita nikateke maji, mama alikuwa bado anabishana na bibi, na bibi alishakufa zamani.

Akanigeuzia uso. "Sasa wewe ndio mwenye jina. Niambie. Nilie ama nisilie?"

Nikimwambia lia, nimemzika mtu ambaye pengine yuko mahali anapika chai. Nikimwambia usilie, namrudishia mzigo ule ule auendeleze, na umri huu alio nao. Nilimshika mkono. Ulikuwa baridi.

"Mama, lia," nikasema mwishowe. "Kama yuko hai, atacheka akisikia."

Akalia. Alilia kwa sauti ya msichana, akiita Zarina, Zarina, na kila alipoita, mimi niliitika.