Mimi Sijapita

Nyumba za Watumishi,
Chumba Namba 9.
14 Machi

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo huko uliko? Kile kikohozi kimekuachia? Mimi ni mzima, ila mgongo ndio unanikumbusha umri. Baba anaendelea na dawa zake na anakulalamikia kwamba hupigi simu.

Mdogo wangu, naandika nimefura. Pale hospitalini ilitangazwa nafasi ya msimamizi wa chumba cha kufulia, kwa sisi tulio kazini tu. Nikaomba. Karani wa utumishi akaniandikia barua ya Kiingereza: "She worked in the laundry for eighteen years." Sikuonyeshwa, ilikwenda kwa kamati ndani ya bahasha iliyofungwa.

Orodha ya usaili ilipobandikwa, jina langu halimo! Matroni akanionyesha ile barua, akaniambia kamati ilielewa kwamba niliacha kazi. Niliacha kazi, na asubuhi ile ile nimetoka kumfulia mapazia ya wodi!

Nikamwendea karani, aproni inachuruzika maji. Akanitazama juu ya miwani.

"Worked, has worked, si yale yale, mama? Yote yamepita."

"Mimi sijapita," nikamwambia. "'Worked', alifanya kazi, ni ya mtu aliyeondoka. 'Has worked', amefanya kazi miaka kumi na minane, na bado yupo, anakulowanishia sakafu!"

Wewe ndiye uliyenifundisha hayo, ulipokuwa ukijiandaa na mitihani nami nikipiga pasi. Mimi niliyeishia shule ya msingi nayajua. Yeye aliyejaza vyeti ukutani hayajui!

Sikutoka mpaka alipochapa upya, "She has worked." Nikampelekea matroni kwa mkono wangu mwenyewe. Wakanisaili siku ya mwisho, na Ijumaa nilikabidhiwa funguo za stoo.

Usinipongeze kwanza. Hakuna hata mmoja aliyeniomba radhi, na hilo ndilo linalonikaba.

Jana karani alikuja kwetu chumba cha kufulia na barua anayomwandikia mpishi. Akaiweka kwenye meza ya kupigia pasi, akauliza kwa sauti ndogo, "Hapa niweke ipi?" Nikamwambia asubiri, nina mashuka. Akasubiri mpaka shuka la mwisho.

Nisalimie wifi na wale mapacha. Shangazi na Baba wanakusalimu sana. Mungu akulinde, akurudishe kwetu ukiwa na afya.

Ni mimi dada yako, nikupendaye daima.