Bahasha Uliyoipeleka Posta

Nau, baba yangu,

Kabla sijakulilia, niambie: uliifungua wapi? Hapa Mitaboni kabla hujaondoka, au ulingoja hadi ufike posta ya Machakos? Tangu asubuhi naigeuza bahasha hii mkononi. Imekatwa kwa wembe, vizuri, kama ulivyokata kila kitu. Nilikuwa natafuta kitambulisho chako kwenye mkebe wa majani chai, maana wamesema mimi ndiye msomi, niandike wasifu wako wa kusomwa Alhamisi tukikuzika. Nikakuta bahasha niliyokupa uitume miaka ile, na ndani yake insha yangu ya kuomba ufadhili. Sasa wale wafadhili walisoma nini?

Wewe hukuamini karatasi yoyote. Ndugu yako mkubwa aliweka dole gumba kwenye karatasi asiyoisoma, shamba likaenda, na tangu hapo hukukubali karatasi ichomwe kwako kabla hujaisoma. Hata gazeti lililofungia sukari ulilinyoosha kwanza kwenye goti. Darasa la nne ulilofika ulilitumia lote. Mama amekaa jikoni amenuna, anangoja kuwasha moto, na wewe unasoma bei ya ng'ombe ya mwaka juzi. Nami nikatoka vivyo hivyo. Mtoto wa nyoka ni nyoka.

Ulikuwa Lukenya wiki nzima ukichonga mawe nilipoandika insha ya kuomba ufadhili wa chuo cha uuguzi. Walitaka mtu aeleze, kwa Kiingereza au Kiswahili, kwa nini anafaa kusaidiwa. Ya kwanza niliandika juu yako: vumbi la mawe linavyokaa kwenye nyusi zako, kikohozi chako kabla ya kwenda kanisani, na nilivyotaka kujua kifua hicho kina nini. Mwalimu wangu akaisoma, akanirudishia. Akasema wafadhili wanapenda yatima, mwenye baba atabaki nyuma ya foleni. "Huyu mzee anakuharibia," akaniambia. Basi nikaandika nyingine, na sentensi yake ya kwanza ikawa, "Baba yangu alifariki nikiwa mdogo." Ile ya kweli nikampa mama awashie moto. Nikajua imeungua.

Na unakumbuka ulivyokuwa ukiniita? Mwaitu, yaani mama yangu, kwa sababu nilipewa jina la mama yako. Kwetu jina halichezewi. Ulikuwa ukifika Jumamosi unanidai uji kama mtoto aliyeachwa na njaa, nami nakuletea huku nakukaripia. Mama huyo huyo, mimi, ndiye aliyekuzika kwa kalamu ya bluu ili apate nafasi chuoni. Niliona haya hata kukutazama.

Ukanusa kitu. Ukauliza kwa nini fomu imewekwa sahihi na mama peke yake. Nikasema wanataka mzazi mmoja tu. Ukaguna. Halafu Jumatatu, ukirudi Lukenya, ukasema bahasha utaipitisha posta mwenyewe, na hapo nikaanza kukushuku mimi. Nilijua utaitupa, ama utaikalia hadi muda upite. Uliporudi na risiti niliiinua juani nikaukagua muhuri wake mbele yako, bila adabu. Ukacheka kwa pua.

Asubuhi ya kwenda kuhojiwa ulikuwa unanipakia viatu rangi. Ukasema bila kuinua kichwa, "Mwaitu, wakiuliza habari yangu, waambie niko. Bado nakohoa tu."

Nikadhani ni mzaha. Lakini njia nzima maneno hayo yalinisumbua. Kwani ni nani angekuulizia wewe?

Katikati ya meza alikaa mama mmoja wa miwani. Akafungua faili, akaniuliza, "Baba yako wa Lukenya, kifua chake kinaendeleaje?" Nikaona mtego. Nikafikiri wametuma mtu nyumbani, nikafikiri mwalimu ameniuza, nikajiona narudi Mitaboni kupanga nyanya sokoni mpaka nizeeke. Ilibidi nichague hapo hapo kama uko hai ama umekufa. Nikasema, "Bado anakohoa." Akatabasamu, akasema ile habari ya nyusi ilimgusa sana.

Nikapata nafasi. Mwalimu naye nimemshuku miaka hii yote, kwamba alinichongea kwao halafu wakanihurumia. Salamu zake nilizijibu kwa midomo tu hadi akahamishwa. Kumbe ni wewe. Uliiokota ile karatasi jikoni ukaisoma, ukaiweka. Ukafungua bahasha yangu, ukasoma kifo chako, pengine umesimama kwenye foleni na watu wanakusukuma, ukakitoa. Ukatia ile ya kweli kwenye bahasha nyingine na ukaandika anwani kwa herufi zako kubwa.

Na hukusema neno. Hilo ndilo linalonitia shaka sasa. Kunyamaza kwako kulikuwa msamaha, ama ulikuwa unangoja nikiri mwenyewe? Wiki hizi tatu wodini, nikikushikia kikombe cha makohozi, mara mbili ulinitazama kama mtu aliye na swali. Mimi nikajifanya napima joto. Naumia, Nau. Nakuomba msamaha, ingawa najua mtu kama wewe angeuliza kwanza kwa nini nimengoja hadi asiweze kujibu.

Wasifu haujaandikika. Ile insha ya kweli uliituma, nimebaki na hii ya uongo. Sasa hivi nimechukua penseli yako ya kutilia mawe alama, nikakata maneno mawili kwenye ile sentensi ya kwanza: "nikiwa mdogo." Yaliyobaki ni kweli. Alhamisi nitayasoma mbele ya watu.

Lala sasa, mwanangu.

Ni mimi, mama yako na binti yako,
Syokau