Mama Mkwe Alisema Nisiingie

Jumatano, masika ya 1975. Alasiri.

Mvua imetufukuza mlimani. Nimekaa jikoni kwa jirani, matope yamenikaukia mpaka magotini. Naandika kwa sababu nikikaa bure namsikia akiniita.

Hatujampata.

Tulitoka Mpanda Jumapili, mimi na mke wangu Paskalia, ili ajifungulie kwa mama yake. Ni mimba ya kwanza, na kwao mimba ya kwanza hurudi nyumbani. Mama mkwe alishapewa kiwanja huku chini, kijiji kilipohamishwa, akakubali kwa mdomo tu. Alisema hashuki mpaka avune ulezi wake, la sivyo nyani watamvunia. Kwa ubishi ule nilimpenda, ingawa sijawahi kumwambia. Hata uso wake siujui vizuri. Mkwe na mkwe hawatazamani. Nikienda kwake nakaa nyuma ya kihenge cha nafaka, yeye ananisalimia toka ndani na kunitania kwamba Kiswahili changu kina harufu ya Kinyamwezi.

Jumatatu asubuhi Paskalia hakuweza kupanda mlima kwa mama yake, tumbo limemwelemea. Nikapeleka chumvi na sabuni mimi. Nilikuwa ndiyo kwanza nimezitua kando ya kihenge ardhi ilipotetemeka.

Si mara ya kwanza kuonja tetemeko huku. Lakini lile lilinikalisha chini. Lilipotulia, ukuta mmoja wa nyumba ulikuwa umelala na paa limeinama upande. Nikakimbilia mlangoni. Akaniita kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeomba maji.

"Baba, usiingie. Nilikuwa naoga, sina nguo. Boriti imenibana mguu. Kamwite mwanamke."

Mimi ni seremala. Boriti ndiyo kazi yangu. Ningeingia, ningeinyanyua kwa bega, ningembeba mgongoni, basi. Nilishaweka mkono kwenye mlango.

Nikasema, "Ndiyo, mama." Nikageuka.

Nilikimbia kama mwizi. Huku chini nikawakuta wanawake wamejaa nje ya nyumba zao, wanasali. Wawili wakanifuata na kitenge cha kumsitiri. Tulikuwa tunauanza mlima ardhi ilipotikisika tena, safari hii kidogo tu, mtu aliye kwenye usingizi asingeamka. Lakini mlima ulikuwa umelewa maji ya wiki nzima. Tuliona miti ikishuka imesimama wima. Halafu ulezi, kihenge, nyumba, vyote vikaenda.

Mmoja wa wale wanawake alinishika shati, nisipande. Sikumshukuru na sijui kama nitamshukuru.

Tumechimba tangu hapo. Majembe, sufuria, mikono. Tope linarudi palepale tulipolitoa. Mwenyekiti wa kijiji ni mtu mwema, na leo amenishika bega akasema mlima bado haujatulia, hawezi kuzika watu kumi kwa ajili ya mmoja. Kesho ndiyo mwisho. Baada ya hapo aitwe padri, papewe msalaba. Wazee nao wameniita pembeni. Wameniambia taratibu kwamba nikifika kwenye paa nisogee, wengine wamtoe, kwa sababu mimi ni mkwe na yeye hana nguo.

Nilitikisa kichwa kukubali. Yaani hata sasa, nilikubali.

Sijui Paskalia aliambiwa nini na wale wanawake. Mimi nilikuwa namkwepa, najifanya nina kazi. Mchana huu alikuja akakaa kando yangu hapa jikoni, akaniuliza kama ni kweli nilimsikia mama. Nikamweleza yote, mpaka ule mkono kwenye mlango. Nilitaka alie. Nilitaka anipige, anitukane kwa Kibende, lugha ya kwao, chochote. Alipapasa tumbo lake.

"Ungeingia, tungekuwa na aibu," alisema. "Na mama tungekuwa naye."

Kisha akainuka kwenda kuchochea uji wa wachimbaji. Hakusema kwa hasira. Afadhali ingekuwa hasira, ningejua pa kuishika.

Najiambia mama mwenyewe ndiye aliyeniagiza. Najiambia mkwe yeyote wa huku angefanya vilevile, na ni kweli, wangefanya wote. Hainisaidii. Mimi niliogopa kumwona mwanamke mzee hana nguo kuliko nilivyoogopa mlima.

Ee Mungu, nimechoka. Sina hata sala nzima.

Mvua inapungua. Kesho alfajiri nitapanda kabla ya mwenyekiti. Nikilifikia paa sitasogea, wazee waseme watakavyosema. Awe anapumua au hapumui, nitamtoa mimi. Na kama amebakiwa na sauti, akaniambia tena nisiingie, nitaingia.