Ufunguo wa Stoo Umekwenda kwa Kicheko

Chumba namba 6, ghorofa ya pili,
Nyuma ya kiwanda cha uchapaji.
Jumatatu, tarehe 9 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Katibu wa wazee wa kanisa alitangaza jana, baada ya mahubiri, kwamba ufunguo wa stoo ya vifaa vya wagonjwa unahamia kwa mdogo wangu, Kicheko. Sababu aliyotoa ni moja: vifaa sasa vinatumika. Watu walipiga makofi. Ambao hatukupiga tulikuwa wawili, mimi na bibi mmoja aliyekuwa amesinzia.

Hiyo ndiyo habari, na najua umeshakunja uso kwa kuwa nimeitanguliza mbele ya salamu. Nisamehe, miaka thelathini na moja ya gazeti haitoki kwa kustaafu. Shikamoo, Shangazi. Goti linaendeleaje? Yale mazoezi unayafanya, au unamwambia tu daktari kwamba unayafanya? Mimi ni mzima. Jicho la kulia lililopasuliwa mtoto wa jicho mwezi wa pili limepona, nasoma hata maandishi madogo ya kwenye chupa za dawa. La kushoto linasubiri zamu.

Nikukumbushe mambo kwa mpangilio, maana stoo hiyo uliianzisha wewe na ni wewe uliyenikabidhi. Ulipohama, miaka kumi na moja iliyopita, uliniachia viti vinne vya magurudumu, fremu tatu za kutembelea, jozi sita za magongo na kitanda kimoja cha hospitali, kile cha kuinua kichwa kwa kuzungusha mkono wa chuma. Uliniambia mlangoni kwamba vitu hivyo si vyangu wala si vyako, ni vya Bwana, na kwamba wakili mwaminifu hakosi thawabu yake mbinguni. Wewe labda ulisema neno hilo ukiwaza mizigo yako. Mimi nililishika kama mkataba.

Basi nikavitunza. Kila Jumamosi nilifuta vumbi, nikatia mafuta magurudumu, nikafunika kila kitu kwa shuka safi. Aliyetaka kuazima alileta barua ya daktari na mashahidi wawili wasio ndugu zake, kwa sababu habari ya upande mmoja si habari. Ndivyo nilivyofunzwa kazini. Kwa miaka kumi na moja hakikupotea kitu wala hakikuvunjika kitu. Shukrani niliyopata ni kalenda, tena ya mwaka uliokuwa umefika nusu.

Nilipokwenda kupasuliwa jicho, wazee walimpa Kicheko ufunguo, kwa muda tu. Unamjua: fundi baiskeli, kanisani karudi mwaka jana, baada ya miaka tisa ya kupita nje kila Jumapili akitupungia mkono. Hakudai barua, hakudai shahidi. Niliporudi nilirudishiwa ufunguo, nikafungua mlango nikakuta stoo tupu. Kilichobaki ni mashuka yangu, nayo kayakunja ovyo.

Nilimfuata kibandani kwake.

"Vitu viko wapi?"

"Vimekwenda kazini, dada."

"Kwa nani?"

"Kwa wagonjwa. Au ulitaka niwape wakimbiaji?"

Akacheka, na wateja wake wote wakacheka naye.

Shangazi, huyu mtoto ana nyota ya jaha tangu utotoni. Mama alimsifu kwa kunawa mikono, mimi nilifua nguo za nyumba nzima na hakuna aliyesema kitu. Sasa kina mama wa maombi wanamtaja kwa jina lake la utani mbele ya madhabahu, wakitabasamu. Mimi natajwa kwenye orodha ya wagonjwa wa macho. Lakini kilichonikosesha usingizi ni kingine. Kama huku chini amechukua makofi yangu kwa miezi mitatu ya kazi, kipi kitamzuia kuchukua na taji langu huko juu? Nilikuwa nimeliweka akiba miaka kumi na moja.

Kwa hiyo nilichukua daftari nikaanza kupita nyumba kwa nyumba. Nilimwambia mchungaji kwamba nahakiki mali ya kanisa. Ukweli ni kwamba nilitaka kukuta hasara.

Nilizunguka siku tatu. Kiti cha kwanza nilikikuta kwa mwashi mstaafu aliyekatwa mguu, yuko barazani anawakaripia vijana wanaojenga ukuta wa jirani. Kitanda nilikikuta katika chumba kidogo kiasi kwamba walilazimika kung'oa mlango ili kiingie, wakaweka pazia. Kiti kimoja kina gurudumu lililopinda. Jozi moja ya magongo haijulikani iliko. Hiyo niliiandika kwa herufi kubwa, na sikusikitika hata kidogo nilipokuwa naiandika.

Siku ya tatu nilifika kwa mshonaji, yule mwembamba aliyepooza miguu, anayekaa karibu na bomba la maji. Alikuwa dirishani kwenye kiti chetu cha magurudumu, anazungusha cherehani cha mkono.

"Mwandishi! Umekuja kunihoji au kuninyang'anya?"

"Nimekuja kuhakiki."

"Haya, hakiki. Kiti hiki hapa, na makalio yangu haya hapa. Mashahidi wawili hao!"

Alicheka mpaka uzi ukakatika. Kisha, huku akitunga sindano upya, alinieleza, bila hasira, kwamba aliwahi kumtuma binti yake kwangu. Ilikuwa miaka minne iliyopita. Binti alileta barua ya daktari na shahidi mmoja, nami nikamrudisha akatafute wa pili. Wiki hiyohiyo binti akapata kazi mji mwingine, akaondoka. Wa kutumwa tena hakuwepo. Miaka minne mshonaji alishonea sakafuni kwa sindano ya mkono, na cherehani kiko juu mezani anakitazama.

Nilirudi nyumbani nikafungua madaftari ya zamani. Ni kweli. Tarehe ipo, jina lipo, na mwandiko ni wangu: "Anasubiri shahidi wa pili." Kutoka mlango wa stoo hadi kwake ni dakika tisa kwa miguu.

Unamkumbuka yule mtumwa wa kwenye mfano, aliyeifukia talanta ya bwana wake ardhini akairudisha nzima. Nimemsikia akihubiriwa labda mara arobaini, na kila mara nilimwona kuwa mtu mwingine, mtu mvivu. Mimi sikuwa mvivu. Shimo langu nililipangusa vumbi kila Jumamosi.

Usidhani wivu umekwisha. Jana Kicheko alipoitwa mbele alikwenda na mikono yenye grisi, na watu wakampenda zaidi kwa grisi hiyo. Mimi ningekwenda nimenawa. Baada ya ibada alinifuata uani.

"Dada, mimi na kalamu hatuelewani. Yale magongo yamenipotea kichwani. Nishikie daftari, tafadhali."

Nilimjibu kwamba nitafikiria. Aliomba kwa adabu, na hilo nalo liliniudhi. Kumwandikia mdogo wangu, nikiwa chini yake! Lakini nani mwingine mtaani hapa atayapata magongo hayo? Leo asubuhi nilianza kuuliza. Yalionekana mara ya mwisho kwa muuza mkaa.

Wazee wamenipa hadi Alhamisi, tarehe 12, saa kumi jioni, kupeleka pingamizi. Nimeliandika: kurasa mbili, hoja saba, zote za kweli. Katibu amesema pia kwamba wewe mwanzilishi ukitamka neno moja, ufunguo unabaki kwangu, na najua ungelitamka kwa kunipenda. Barua huchukua siku kumi kukufikia. Ningeweza kukupigia simu. Nimechagua barua, na pingamizi nimelichana.

Nina swali moja, na usinijibu kwa upole. Siku ile ya kuulizwa, kiti cha mshonaji kitaandikwa kwa nani? Kwangu niliyekitia mafuta, au kwake aliyekitoa? Mimi nadhani jibu nalijua. Nataka kulisikia kwako.

Msalimie mumeo, na wale mapacha ambao nasikia sasa wananyoa ndevu. Mama mkubwa anakusalimu sana, anasema umekuwa bahili wa picha. Bwana akuimarishe goti na moyo, na kila ulichokiacha mikononi mwa watu akikute kinafanya kazi.

Makabidhiano ni Jumamosi, tarehe 14, saa nne asubuhi, mlangoni mwa stoo. Jumatatu, tarehe 16, mshonaji ana kliniki saa mbili na nusu, na njia ya hospitali inapanda kilima. Saa hiyo Kicheko atakuwa na baiskeli za watu. Kiti chake nitakisukuma mimi.

Wako akupendaye, pamoja na kijicho changu,
Binti wa kaka yako, Mwandishi