Aliyetundika Mayai Kwenye Bamia

Mwangaluka, Baba.

Nimempata. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya kuuliza Mama anaendeleaje.

Wiki moja kabla hujalazwa uliniita bustanini, nyuma ya nyumba yetu hapa Bariadi, ukanionyesha vimayai chini ya jani la bamia. Vidogo kuliko punje ya ulezi, kila kimoja kwenye ncha ya uzi mwembamba. Ulivipiga picha kwa ile kamera ya studio yako, lenzi umeigeuza nyuma mbele. "Kabula, nani katundika haya?" Hata wodini uliuliza, mara mbili.

Tuliporudi kutoka kukuzika kijijini Kasoli, jani lilikuwa limenyauka na mayai yamebaki maganda. Baba, nililia pale kuliko nilivyolia makaburini. Nilijiona mjinga, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mama hakukanyaga tena bustanini. Bamia zikajaa wadudu mafuta, majani yakajikunja. Siku moja asubuhi nikamkuta kajaza dawa ya pamba kwenye bomba la Mjomba, tayari kalibeba mgongoni. Nikatangulia kukagua majani. Mayai saba, mapya.

"Mayu, nipe siku nne," nikamwambia Mama.

"Kwa ajili ya wadudu?"

"Kwa ajili ya swali la Baba."

Alinitazama sana. Akalitua bomba chini.

Picha zangu za kwanza ni aibu tupu. Upepo kidogo, jani linakimbia, nikipumua, ukungu. Kisha nikakumbuka ulivyokuwa ukisema: usihangaike na lenzi, sogeza mwili wako, polepole, kama unamnyemelea kuku. Siku ya tatu mayai yakageuka rangi ya majivu. Ya nne, mapema, kidudu kikatoka, kikashuka kwenye uzi wake kama mtu anayeogopa kuanguka. Kina taya mbili zilizopinda kama mundu! Nilidhani kitatafuna jani. Hapana. Kilimkamata mdudu mafuta, kikamnyanyua juu, kikamfyonza mpaka akabaki ngozi.

Nikapiga kelele. Mama akaja mbio akidhani ni nyoka. Nilipomkuzia picha, akaishika kamera kwa mikono miwili.

"Kumbe walikuwa wanatusaidia," akasema. Halafu: "Baba yako angeita mtaa mzima."

Tukacheka, Baba. Mara ya kwanza tangu uondoke. Siku hiyohiyo bomba likarudi kwa Mjomba.

Viwili nikavifuga kwenye chupa, nikivilisha. Vikajisokotea vijifuko vyeupe vya duara, vikanyamaza siku nyingi, nikakata tamaa na kimoja. Cha pili kilifunguka jana. Ametoka mdudu wa kijani, mabawa kama nailoni, macho ya dhahabu. Wewe na mimi tumeshamwona mara ngapi ukutani karibu na taa, tusimjali! Mama hana jina lake kwa Kisukuma, nami sijalipata kwa Kiswahili. Wala sijui huo uzi anautoa wapi, au kwa nini asiyabandike mayai kwenye jani kama wengine. Labda wa kwanza kuanguliwa wangewala ndugu zao. Sijui. Nataka kujua.

Leo asubuhi ni Mama aliyeniita. Alikuwa kapiga magoti kwenye mchicha, khanga imeloa umande. "Leta kamera, huyu kabeba watoto wake wote mgongoni." Buibui wa kahawia, watoto wamembana tele. Nikapiga picha, Mama akinishikia karatasi nyeupe kurudisha mwanga. Mikono yake imetulia kuliko yangu. Akasema wewe nawe ulinibeba hivyo mgongoni, kwenda kliniki, watu wakikushangaa.

Hukuwahi kuniambia.

Lala salama, Baba. Wabeja sana kwa macho uliyonifungua. Nakuahidi hakuna dawa itakayopulizwa bustani hii kabla mimi na Mama hatujapiga magoti tukatazama chini ya kila jani.

Binti yako,
Kabula