Vita vya Kitambaa Siku ya Mnada

Bahi, Dodoma

Kwa dada yangu Skolastika,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba baridi ya huko Mbinga haijamsumbua sana mama magoti yake. Kahawa mmeshaanza kuchuma? Mimi huku mwili haujambo. Jua linawaka, vumbi haliishi, mpunga umeiva. Nakula vizuri. Kulala ndiko kumekuwa shida, na ndiko nataka nikueleze.

Najua umejiuliza kwa nini siku hizi mkinipigia naongea kidogo, kisha nasema mtandao mbaya. Mtandao hauna shida. Simu ya nyumbani mnaisikiliza wote mkiwa mmeizunguka, na mama akiyasikia haya ataanza kufunga safari ya kuja kunichukua. Ndiyo maana nimeandika. Barua nimempa mwalimu mmoja aliyehamishiwa huko kwetu, nikamsisitiza akupe wewe mkononi. Ukishasoma, utaamua mama aambiwe kiasi gani.

Kazi yangu unaijua kwa jina tu, kwamba niko kwenye banda la video. Banda ni la Mama Chiku, mjane mmoja wa hapa, mtu mkali lakini mwenye huruma. Ni chumba cha matofali ya kuchoma, bati juu, mabenchi, na tivii inayotumia betri ya sola. Mimi nakaa pembeni na kipaza sauti, nasoma maneno ya Kiingereza yanayopita chini ya picha, nawaeleza watu kwa Kiswahili, ndiyo maana wananiita mwalimu. Filamu za mapigano zinapendwa, lakini kinachojaza banda hasa ni katuni moja ya Kijapani, ya maharamia wa baharini. Vijana wa huku wengi bahari hawajaiona, dada, ila ukiwauliza majina ya sehemu za meli watakutajia zote.

Humo kwenye katuni kuna mpiga upanga mmoja. Jina lake la Kijapani linanipinda ulimi, sisi tunamwita Kitambaa. Ni mwembamba, mvi zimeanza, na ni mwoga. Kabla ya kila pambano mkono wake unatetemeka mpaka anaufunga upanga kwenye kiganja kwa kitambaa, usimdondoke. Halafu anapigana. Watu wanampenda kuliko nahodha mwenyewe.

Vijana wanaokuja ni wa namna mbili. Kuna wa mashambani, wenye majaruba ya mpunga, na kuna wafugaji, ambao siku ya mnada wanaleta ng'ombe kuuza kisha wanabaki kwenye banda mpaka jua lipungue. Nje hawasalimiani sana, kwa sababu ya ng'ombe kuingia kwenye mpunga. Ndani wanakaa benchi moja. Mama Chiku ana sheria: fimbo, sime na panga zinaachwa kwake mlangoni, kwenye sanduku la bati. Na simu pia wanaziacha mezani kwake zichajiwe.

Wawili kati yao uwajue. Ndahani ni mkulima, mnene, anacheka kwa mwili mzima. Petro ni mfugaji, mrefu, maneno yake ya kuhesabu. Hao ubishi wao juu ya Kitambaa hauishi. Nadhani ni marafiki, ingawa sijawahi kuwasikia wakijiita hivyo.

Basi, siku ya mnada wa mwezi uliopita banda lilijaa mpaka wengine wakakaa chini. Ilikuwa mchana, joto la bati linakuchoma kichwani. Nilikuwa na kipindi kipya, nilichokwisha kukiangalia peke yangu usiku, Kitambaa anapigana na nahodha wa meli ya chuma juu ya mlingoti, na meli inazama. Maji yanapanda, na wao wanapanda, kila mmoja anajua kwamba atakayefika juu kabisa hana tena pa kukimbilia. Hapo Mama Chiku akaja kwa nyuma, akaniinamia sikioni kama mtu anayeniletea maji.

"Usigeuke," akasema. "Kuna watu wamekatana kwenye majaruba. Kaka yake Ndahani, Elia, amekatwa sime. Aliyemkata ni mdogo wake Petro. Ng'ombe waliingia."

"Amekufa?"

"Sijui. Wamempakia kwenye pikipiki. Mtendaji wa kijiji amewaita polisi, wako njiani. Wewe endelea kusema. Hawa wakijua sasa hivi, wataliwahi sanduku."

Dada, nilikuwa nimeshika kipaza sauti, na pumzi yangu ikasikika banda zima. Kijana mmoja akacheka, akadhani naigiza. Niliangalia mbele nikaona migongo na vichwa, wamebanana bega kwa bega, wakulima na wafugaji, na mlango ni mmoja tu. Niliona kabisa jinsi itakavyokuwa. Nikaendelea kusema. Sijui nilisema nini, maana maneno yalikuwa yanapita chini ya picha na macho yangu hayayasomi. Nikabuni. Nahodha wa meli ya chuma siku ile alisema mambo ambayo hakuyasema.

Kisha simu zikaanza. Hazikulia kwa sauti, Mama Chiku aliwahi kuzinyamazisha, ila zilikuwa zinawaka na kutetemeka juu ya meza, moja, halafu nyingine, halafu kadhaa kwa pamoja, zinasogeleana kama wadudu. Yeye akazifunika kwa kanga. Hata chini ya kanga niliona mwanga. Nilijua kila mwanga ni mtu anayetaka kusema lile neno.

Na betri nayo, kwa sababu ya simu zote zile au kwa sababu siku mbaya haiji nusu, ikaisha. Picha ikakatika Kitambaa akiwa ananing'inia kwa kamba moja. Watu wakaguna. Wengine wakaanza kusimama, mmoja akasema anaomba simu yake aende zake.

"Kaeni," nikasema. Kipaza sauti kilikuwa kimekufa, ikabidi nitoe sauti ya kifuani. "Hii naijua mpaka mwisho. Nawamalizia kwa mdomo."

Wakakaa. Nikawasimulia anavyoikata kamba ile ile aliyoishikilia, akaanguka na adui yake wote wawili majini, kwa sababu alijua yule mwingine amevaa chuma na yeye amevaa pamba. Walipiga makofi. Polisi hawajafika. Nikawauliza vita ipi ya Kitambaa ni kubwa kuliko zote, nikijua nimetupa nyama kwa mbwa.

"Daraja," Ndahani akasema hapo hapo. "Daraja la gereza. Peke yake, kundi zima linamjia, wenzake wanambeba nahodha mgonjwa. Upanga unavunjika, anapigana kwa ala yake. Na miguu haikusogea. Simulia ile, mwalimu."

Nikaisimulia. Niliwaonyesha anavyojifunga kile kitambaa kwa meno, anavyowahesabu kwa macho na kuacha kuhesabu. Nilipofika pale upanga unapovunjika, Ndahani alisimama kwenye benchi akapiga kelele ya furaha, jasho linamtiririka, na mimi nikawaza: huyu kaka yake yuko juu ya pikipiki muda huu. Nikamchekesha. Nilimfanya acheke, dada, kwa makusudi, kwa sababu kicheko kilikuwa kinamweka kwenye kiti.

Petro hakucheka. Alikuwa ameona mwanga chini ya kanga. Akainuka, akaenda taratibu mpaka mezani.

"Mama, naomba simu yangu."

"Inachaji, mwanangu. Kaa."

"Umeme si umekatika?"

Mama Chiku akaukandamiza ukingo wa kanga. Petro akanigeukia. Sijui uso wangu ulikuwaje, lakini aliuangalia kwa muda, na nikaona anaelewa kwamba kuna jambo, na kwamba jambo lenyewe linamhusu. Akafunua kanga, akachukua simu, akaiweka sikioni. Akasikiliza. Mguu wake ulikuwa umegusa sanduku la bati, na sime yake ilikuwa juu juu, mpini wake naufahamu. Mimi nilikuwa naendelea kusimulia. Nilijisikia haja ndogo inataka kunitoka, na sioni haya kukuambia.

Aliirudisha simu mezani. Akarudi kwenye benchi, akakaa pale pale alipokuwa, ubavuni kwa Ndahani, akaweka mikono yake yote miwili juu ya magoti.

"Simulia ya ukungu," akaniambia. Sauti yake ilikuwa kavu.

Ya ukungu ndiyo anayoipenda yeye. Kitambaa anapigana na mtu aliyelelewa naye, kwenye ukungu mzito, hawaonani, wanatambuana kwa pumzi. Anamshinda, kisha anashindwa kummaliza. Ndahani siku zote anasema ile si vita, ni huzuni, na siku ile pia alisema. Akampiga Petro kikumbo cha utani. "Wewe na ukungu wako." Petro akasema, "Mwache aendelee." Nikaisimulia polepole kuliko nilivyowahi. Kila jani lililogusa bati nilidhani ni gari. Kila pikipiki iliyopita nilidhani ni mtu anakuja kupiga kelele mlangoni. Nilifika mwisho wa ile vita, nikaongeza mwisho mwingine, na mwingine, mpaka kijana mmoja akasema, "Mwalimu, hapa hakusema hivyo." Nikamwambia anyamaze.

Ndipo gari likasimama. Mtendaji akaingia na polisi wawili, mmoja akasimama juu ya sanduku kabisa, akamwita Ndahani kwa jina. Kabla mtendaji hajafungua mdomo, Petro akainuka.

"Mdogo wangu amemkata kaka yako," akasema. "Kwenye majaruba. Nimejua nilipochukua simu. Yuko hai, wamempeleka Dodoma."

Nilisikia bati likilia kwa joto. Ndahani akamwangalia Petro, halafu akaniangalia mimi.

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu meli inazama."

"Ukanichekesha," akasema. Hakupaza sauti. "Kaka yangu anavuja damu, wewe unanichekesha."

Kisha ndipo vurugu ikaanza, watu kusukumana, mabenchi kuanguka, mtu mmoja kulia kama mtoto. Lakini sanduku lilikuwa na polisi juu yake, na waliwatoa kwa mafungu, hawa upande huu, wale upande ule. Petro walimpandisha kwenye gari kwa usalama wake. Hakuna aliyekufa siku ile. Mdogo wake Petro walimkamata kesho yake upande wa Manyoni. Elia anapona, ila vidole vya mkono wa kulia havikunjiki tena.

Mtendaji alinisifu kwenye mkutano wa kijiji. Watu wakanipigia makofi, nami nikaangalia chini. Asubuhi iliyofuata niliamka nikakuta mlango wangu umechanjwa kwa panga, mikato mirefu kutoka juu hadi chini. Hakuna aliyesema ni nani. Inaweza kuwa wa upande huu au wa upande ule, na hiyo ndiyo inayoninyima usingizi. Naegemeza meza mlangoni kila ninapolala. Simu ikitetemeka mahali popote, hata ya abiria mwenzangu, mikono inanitoka jasho. Ndahani hanisalimii. Nikimwona njiani napita upande mwingine, na nahisi shingo yangu yote mpaka nimpite.

Nilikuwa nimeshafunga begi nije nyumbani. Lakini juzi mchana, banda likiwa tupu na mimi nafagia, aliingia mtu nisiyemfahamu, mkono umefungwa bandeji na kuning'inizwa shingoni. Nikauona ule unene na ile sura ya Ndahani, fagio likanidondoka. Ni Elia. Nje, karibu na mlango, Ndahani alikuwa amesimama kanipa mgongo.

"Wanasema siku ile ulisimulia vita zote," Elia akasema. "Wote waliokuwepo wanaziongea. Mimi peke yangu sikuwepo."

Nikaliokota fagio.

"Anzia ya mlingoti," akasema, akakaa benchi la mbele.

Basi nikamsimulia, dada, bila picha na bila kipaza sauti, sauti ikinitetemeka mwanzo hadi mwisho. Hakucheka wala hakupiga makofi. Nilipofika kwenye daraja, Ndahani alikuwa bado amenipa mgongo, hajaingia, lakini hajaondoka pia. Na pale upanga unapovunjika nilikosea, nikaruka kipande. Akanisahihisha kutoka nje, bila kugeuka. "Kwanza anajifunga kitambaa," akasema. Hayo ndiyo maneno pekee aliyonipa tangu siku ile.

Begi bado limefungwa. Sijalifungua, lakini sijalibeba. Niombee.

Msalimie mama, mwambie mwanaye anakula na hajakonda. Msalimie shemeji, na wapwa zangu wote, hasa Otilia anayeanza darasa la kwanza. Mama mdogo wa Litembo usimsahau, wala katekista jirani yetu aliyenifundisha kusoma kwa sauti. Ukipata mtu anayekuja huku, nitumie kahawa kidogo, ya huku haina harufu ya nyumbani.

Ni mimi mdogo wako, ninayekuandikia mlango ukiwa wazi na uso wangu umeuelekea,

Osmund